Mshika Ngazi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza vibaya. Buibui alikuwa juu, ghorofa ya pili, anamalizia dirisha la yule daktari wa meno, mara matone mazito yakaanza kudondoka bila hata kupiga hodi. Mimi nilikuwa chini kama kawaida, mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, mikono yote miwili kwenye nguzo za ngazi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mume wangu anasafisha vioo vya majengo, mimi namshikia ngazi. Tumefanya hivyo tangu ujana wetu, mpaka watu wa mtaani wakampa yeye jina la Buibui na mimi wakaniita Mshika Ngazi, utadhani nimeolewa na ngazi yenyewe.

Anayeshika ngazi husikia kila kitu kwa viganja. Nilisikia mguu wake ukiteleza kipandio kizima. Hakupiga kelele, akashuka polepole, akakanyaga chini na kusema, "Maji tu hayo."

"Maji tu! Na wewe je, ni samaki?"

"Beba ndoo, mama."

Nilipotazama juu nikaona kona ya juu kulia ya lile dirisha bado ina vumbi, kipande kikubwa kama kiganja. Buibui ninayemjua mimi angerudi kutoka nyumbani kwa sababu ya alama moja ya kidole cha mtoto. Leo ameiacha kona na kukunja ngazi. Halafu nikakumbuka jambo jingine, kwamba hakupiga mluzi. Akipanda huwa anapiga mluzi mpaka wenye ofisi wanafunga madirisha.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Hakuna kazi. Wateja wote wana neno moja tu: nilipie kuoshwa vioo, na mvua inaosha bure?

Ijumaa, 8 Machi

Leo tumeitwa na Mama Funguo. Ni msimamizi wa lile jengo jipya la ofisi, ghorofa tatu, vioo mbele, vioo nyuma, vioo hata kwenye ngazi za ndani. Anatembea na funguo kiunoni zinalia kama kengele, ndiyo maana akaitwa hivyo. Ametwambia, "Mvua zikikatika, njooni mnionyeshe kazi asubuhi moja. Mkinifurahisha, jengo ni lenu, kila mwezi. Msiponifurahisha, wako wengine."

Buibui akasema ndiyo kabla hajamaliza kuulizwa. Ghorofa tatu! Nilimtazama mikono. Ilikuwa mfukoni, yote miwili.

Nilimsubiri mpaka tufike nyumbani, nikamwambia habari ambayo nimeibeba tumboni tangu mwaka jana. Niliwaona watu wakisafisha jengo refu bila mtu hata mmoja kunyanyua mguu kutoka chini. Gari dogo la mizigo, ndani yake tangi la maji na pampu, kutoka kwenye gari unatoka mpira wa maji mrefu, na mpira unaishia kwenye brashi iliyofungwa juu ya mpini wa kurefuka. Unasimama chini, unasugua ghorofa ya tatu kama unayesugua sakafu. Maji yenyewe yanapita kwanza kwenye machujio, yanatoka hayana chumvi wala chokaa hata chembe, kwa hiyo hufuti. Unasuuza, unaondoka, kioo kinajikausha chenyewe bila doa.

"Unaondoka," akasema.

"Unaondoka."

"Kioo kimelowa."

"Kimelowa, ndiyo. Kitakauka."

Alinitazama kama nimemwambia avue suruali sokoni. "Mimi niache kioo cha watu kimelowa? Mimi?"

Jumamosi, 9 Machi

Nimegeuza kalenda ya mwaka jana, nimeibandika ukutani jikoni upande mweupe nje, nimeandika bajeti. Tangi. Pampu na betri yake. Mpira wa maji na gurudumu la kuuviringishia. Machujio. Mpini na brashi. Fremu ya chuma ya kushikilia tangi ndani ya gari. Gari lenyewe sikuliandika kwa sababu nina mpango nalo.

Mpini ndio unaomeza pesa. Ni wa nyuzi za kaboni, mwepesi. Wa chuma ungekuwa rahisi, lakini mrefu kiasi hicho ungemvunja mtu mabega kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya mpini, kinachofuata kwa ughali ni fremu.

Buibui alikuja kunywa chai, akasoma kimya kutoka juu hadi chini. Kisha akachukua penseli akakata mstari mmoja, wa fremu.

"Kamba zipo," akasema.

Nimefurahi sana kiasi kwamba sikubishana. Mtu aliyekata mstari mmoja amekubali iliyobaki.

Jumanne, 12 Machi

Nimeandika tena fremu. Amekata tena.

Alhamisi, 14 Machi

Mpango wangu wa gari ulikuwa kwa wifi yangu, dada yake Buibui. Alikuwa akisambaza mikate, akaacha, na gari limekaa nyuma ya nyumba yake linalea paka. Siku zote nimemwona mwanamke mdomo mrefu, anayejua bei ya nguo zangu kuliko mimi. Nilikwenda nimejifunga kibwebwe kabisa kwa maneno.

"Wifi, nataka gari."

"Unataka gari, au unataka kumshusha kaka yangu kwenye ile ngazi?"

Akanimiminia chai, akasema, "Nilipita juzi mnafanya kazi kwa fundi saa. Mbona hapigi tena mluzi?"

"Hata mimi najiuliza."

"Umemuuliza?"

"Wee, nimuulize Buibui kama anaogopa kupanda? Si bora nimtukane mama mkwe."

Tukacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikakatika ghafla, kila mtu akatazama kikombe chake. Gari amenipa. Amesema nimlipe kidogo kidogo, au nimsafishie madirisha mpaka afe, nichague. Ndani bado lina harufu ya mikate.

Jumapili, 17 Machi

Paka wamegoma kuhama.

Jumatano, 20 Machi

Tangi limepatikana, la mkono wa pili, kutoka kwa muuza juisi aliyefunga duka. Nimelisugua ndani kwa siku mbili na bado maji ya kwanza yalitoka na utamu.

Buibui ameanza kuchangamka na mambo ya machujio. Wataalamu wa kuuza wanasema maji yakiwa na chokaa nyingi yanaua machujio haraka, na machujio mapya ni pesa. Maji ya bomba letu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, kila mtu anaujua. Basi mume wangu akasimama mlangoni, akatazama mvua inavyomwagika kutoka kwenye bati, akasema, "Na haya je?" Tumeyakinga, tumeyapima kwa kikalamu cha kupimia chumvi tulichonunua kwa wauza machujio: karibu sifuri! Yanahitaji kupita tu kwenye chujio mara moja, na chujio litadumu. Mvua inayotunyima kazi inatujazia mapipa. Alifurahi kama mtoto, akanishika kiuno mbele ya dirisha la jirani. Nikafikiri, haya, tumeshinda.

Nikaandika fremu. Alipopita akakata.

Ijumaa, 29 Machi

Kazi ndogo kwa mshona nguo, ghorofa ya pili. Ngazi ilikuwa na utelezi, nimeishika mpaka vidole vimekufa ganzi. Kona ya juu kulia imebaki tena, na safari hii ni kubwa kuliko ya daktari wa meno. Nimeelewa sasa. Kuifikia ile kona lazima aachie ngazi kwa mkono wa kushoto na kujinyoosha. Haachii tena. Mkono wa kushoto unang'ang'ania, naisikia ngazi nzima ikitetemeka kidogo kidogo, mtetemeko unaoanzia juu kwake na kuniishia mimi viganjani.

Mshona nguo hakuona chochote. Alilipa, akashukuru. Mimi niliona na nikanyamaza.

Jumanne, 2 Aprili

Tumegombana. Nilimwambia tangi likijaa maji ni sawa na kupakia kwaya nzima, na kwaya hiyo haina mikono ya kujishikilia. Breki moja tu, kwaya yote itatukalia shingoni. Akasema yeye amefunga mizigo kwa kamba tangu mimi nasuka nywele za mwanasesere. Nikasema ubahili utamuua. Akasema, "Basi ubahili." Akatoka.

Neno hilo la "basi" ndilo lililonikera. Buibui si mtu wa kukubali tusi. Ukimwita bahili atabisha mpaka kuku walale. Leo amelipokea kama zawadi.

Jumatano, 10 Aprili

Pampu na betri vimefika. Mpini tumelipia nusu. Mvua haitaki kukoma, kazi ni za kuhesabu kwa vidole, na kila siku kavu anapanda ngazi ili tupate pesa ya kununua kitu cha kumfanya asipande ngazi. Nimemwambia wifi hivyo hivyo, akasema hilo ni la kucheka kama mume si wako.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda mwenyewe na gari kwa fundi wa kuchomelea vyuma kuuliza bei, labda atapunguza. Akaingia ndani ya gari na chaki, akanichorea kila kitu. Hapa miguu ya fremu, inapita kwenye sakafu kwa boliti mpaka chini ya gari. Hapa mkanda wa chuma juu ya tangi. Na hapa, nyuma ya viti vyenu, kizuizi cha chuma toka ukuta hadi ukuta.

"Hiki ndicho kitakachowaokoa," akasema. "Vingine vyote ni vya kushikilia tangi. Hiki ni cha kuwashikilia nyinyi hai."

"Kitafaa."

"Kitafaa, ila ngazi yenu ndiyo haitapita. Nilimwambia mzee hivyo hivyo."

"Mzee gani?"

"Mume wako, mama. Alikuja, mwezi uliopita huo. Nikamchorea kama hivi. Akaniuliza, na ngazi itakaa wapi? Nikamwambia, haikai. Paa la gari hili ni bati jembamba, halibebi kitu. Akaaga, akaenda zake."

Nilibaki nimesimama katikati ya vyuma kama aliyesahau alichofuata. Ngazi yetu ni ya vipande vitatu, na hata ikikunjwa ni ndefu kuliko sehemu ya mizigo. Tunailaza sakafuni, na ncha yake inapita katikati ya viti vyetu viwili mpaka karibu na usukani. Kizuizi kikiwekwa, ngazi haina njia.

Kumbe hakuwa bahili. Mwezi mzima nimemtukana bure. Mara mbili za kwanza labda ilikuwa bei, lakini tangu gari lije alikuwa anakata fremu ili ngazi ibaki. Na hapo ndipo hasira ziliponipanda upya, kwa sababu ubahili ningeuelewa. Mtu anatetemeka juu ya ngazi mpaka mimi nasikia chini, halafu anaitetea!

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemuuliza. Alikuwa ameinama anaosha vitambaa.

"Fundi amenieleza habari ya kizuizi."

Akaendelea kukamua. "Na hiyo mashine yako ikigoma? Kioo kikitoka na madoa, Mama Funguo amesimama pale na funguo zake, mimi nitashika nini mkononi? Brashi? Nitamwambia, subiri, kitakauka?"

"Ndiyo. Utamwambia subiri."

"Mimi simwambii mteja subiri. Mimi nafuta kioo nikiondoka kimekauka. Ndiyo kazi. Kama sifuti, mimi ni nani? Mmwagiliaji maua?"

Nilitaka kumwambia kuhusu kona. Neno lilifika kwenye ulimi kabisa. Nikatazama zile nywele nyeupe za kisogoni mwake na lile shati lililolowa, nikalimeza. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, na sikujua lipi litoke kwanza. Nikaanika vitambaa.

Jumapili, 21 Aprili

Mpini umefika! Mwepesi ajabu. Buibui ameurefusha uani akagusa paa la jirani, jirani akatoka na fagio akidhani ni mwizi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua zimepungua. Kesho kutwa tutajaribu vyombo vyote kwenye shule, vioo vya chini tu, bila malipo. Tangi amelifunga yeye kwa kamba, vifundo juu ya vifundo. Ngazi pembeni yake, ncha katikati ya viti kama kawaida.

Nimeandika fremu mara ya mwisho. Hata sikusubiri aikate, nikatoka jikoni.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto hauinuki. Niandike hata hivyo, nisipoandika nitapiga mtu.

Tulitoka asubuhi. Tangi lilikuwa nusu, na nusu ni mbaya kuliko kujaa, kwa sababu maji yanapata uwanja wa kukimbilia. Kila kona nilisikia nyuma yangu *gubu*, halafu *gubu* nyingine, na gari linayumba hata likiwa limenyooka. Nikasema, "Punguza." Akasema, "Nimepunguza." Ni kweli, alikuwa amepunguza, sitamsingizia.

Kwenye mteremko wa shule akatokea mtu wa baiskeli na trei la mayai, ametoka kichochoroni bila kutazama kulia wala kushoto. Buibui akakanyaga breki. Gari lilisimama, maji hayakusimama. Nilisikia kamba zikikatika, moja, ya pili, na sauti ya plastiki ikikwaruza bati. Tangi lilikuja mbele likaisukuma ngazi, na ngazi ikapita katikati yetu. Ilinipiga begani, ikachana kitambaa changu cha kichwa karibu na sikio, ikatoka na kioo cha mbele. Nusu ya ngazi ilikuwa nje ya gari, inaelekeza barabarani.

Mwenye mayai alisimama anatutazama, mayai yake yote mazima, mpumbavu yule. Maji yalianza kutiririka miguuni petu.

Buibui hakusogea. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Uso wake nilikuwa siuoni, ngazi ilikuwa kati yangu na yeye. Nilimsikia tu akiuliza, "Upo?" Sauti ndogo sana, sijapata kuisikia tangu tumeoana. Nikajibu, "Nipo." Akauliza tena, "Upo?" Nikasema nipo. Aliniuliza mara nyingi, na kila mara nilimjibu, kwa sababu niliona ana haja ya kuuliza.

Zahanati wamesema mfupa haujavunjika. Bega limevimba. Ngazi ingesogea inchi chache tu, leo ningekuwa naandikiwa, siandiki.

Jumatatu, 29 Aprili

Wifi yuko hapa, anapika, anafua, anafoka. Amemwambia kaka yake maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyasema, naye akayasikiliza yote kichwa chini. Nilidhani nitafurahi. Nilimwambia wifi, "Basi, mwache, yametosha." Akanitazama, akaja akanifunga bega vizuri. Huyu mwanamke nilikuwa sijamjua.

Ijumaa, 3 Mei

Nimeamka, nimekwenda jikoni kuchemsha chai. Kwenye bajeti, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake mkubwa wa kulala upande: *fremu, pamoja na kizuizi*. Chini yake: *kioo cha mbele*.

Nikatoka nje. Gari halipo. Pale ukutani ngazi inapoegemea, kuna mistari miwili tu ya matope.

Amerudi mchana akitembea kwa miguu. Gari liko kwa fundi. Ngazi amemuuzia fundi mpaka rangi, yule kijana mrefu wa mtaa wa pili, ambaye amepata kazi ya kupaka kuta za juu za jengo la Mama Funguo. Pesa yake imetosha fremu, na kioo cha mbele amelipa nusu.

"Amenunua kwa bei nzuri," akasema. Halafu akakaa kwenye ngazi za mlangoni na kutazama vile viganja vyake kwa muda mrefu. Nilikaa kando yake. Sikusema "nilikwambia." Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu Machi, na lilipopata nafasi halikuwa na utamu wowote.

Jumatano, 8 Mei

Mvua ya mwisho mwisho. Mapipa yamejaa. Fremu imefungwa, nimeitikisa kwa mkono mzima, haitikisiki.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Mama Funguo amepiga simu. Jumatatu.

Jumapili, 19 Mei

Buibui hajala. Amepima maji kwa kile kikalamu tangu asubuhi, anapima, anakung'uta, anapima tena. Sifuri, sifuri. Nimemwambia hata yakipimwa na daktari bingwa yatabaki sifuri. Hakucheka. Kwenye ndoo, chini ya vitambaa, nimeona ameficha kile kifutio chake cha raba cha kukaushia vioo, chenye mpini wa shaba. Nimekiacha hapo hapo.

Jumatatu, 20 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Tulifika saa mbili. Mama Funguo alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Mpaka rangi naye alikuwa pale upande wa kaskazini, na ngazi yetu. Buibui aliiona akiwa bado anaegesha. Nilimwona alivyoiona.

Pampu ikanguruma, mpira ukajaa, akarefusha mpini mpaka ghorofa ya tatu, akaanza. Kwa kweli anajua kazi. Alisugua fremu za dirisha kwanza, kisha kioo, kisha akasuuza toka juu, maji yanashuka kama pazia. Akamaliza dirisha la kwanza, akashusha mpini. Na pale ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kioo kilikuwa kimelowa. Kimejaa matone, maelfu, yananing'inia.

Mama Funguo akainua kichwa. "Ndiyo mmemaliza?"

"Kitakauka," nikasema.

"Mbona kama kimenyeshewa?"

Funguo zikalia. Buibui alikuwa amesimama, shingo nyuma, midomo imebana. Naijua hiyo midomo. Aliweka mpini chini, akaenda kwenye ndoo, akatoa kifutio cha raba. Nikasema, "Baba watoto." Hakunisikia. Akavuka ua kumfuata mpaka rangi, wakanong'ona, na kijana, ambaye anamheshimu kama baba yake, akamsaidia kuibeba ngazi. Wakaiegemeza chini ya dirisha, wakairefusha vipande vyote vitatu. Kijana akarudi kwenye makopo yake.

Buibui aliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Akasubiri. Hakugeuka, alisubiri tu, kama anavyosubiri kila siku, viganja vyangu vifike.

Mimi nilikuwa nimeegemea gari. Miguu yangu ilishaanza kwenda yenyewe. Nikaizuia. Nikakaa chini kwenye ukingo wa mlango wa gari, nikaweka mikono mapajani.

"Shika," akasema.

"Sishiki."

Akageuka. "Mama, mteja anatazama."

"Atazame. Leo sishiki ngazi. Ukitaka kupanda, panda peke yako."

Kama angepanda? Huyu ni mwanaume, tena mbele ya watu, tena mbele ya kijana aliyemuuzia ngazi yake. Angepanda kwa ubishi tu, na ghorofa ya tatu si mchezo. Nilijiona nimemuua kwa mikono yangu miwili iliyokaa mapajani. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele niinuke. Sikuinuka.

Akapanda kipandio cha pili, kisha cha tatu. Niliiona ngazi ikianza mtetemeko ule ule, safari hii kwa macho. Akasimama pale, mkono wa kushoto umeng'ang'ania, wa kulia una raba. Mama Funguo alifungua mdomo, nikamnyanyulia kidole, akaufunga. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Muda ulipita. Jua lilikuwa limezunguka kona ya jengo na kupanda kwenye kioo. Buibui alikuwa anatazama juu. Nikatazama na mimi. Matone yalikuwa yanapungua kutoka juu kushuka chini, polepole, na kila yalipopungua hayakuacha kitu. Hakuna mchirizi wala doa. Kioo kilikuwa kinatokea kidogo kidogo, safi, mpaka mawingu yote yakaonekana ndani yake.

Alishuka. Cha tatu, cha pili, cha kwanza, chini. Akaja akakaa kando yangu, akaweka raba kati yetu. Alikuwa anahema kama aliyepanda mpaka juu na kurudi.

"Kona ya juu kulia," akasema kwa sauti ya chini, ili mimi tu nisikie. "Imetoka safi."

"Nimeiona."

Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa siifikii tena."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu daktari wa meno."

Alitikisa kichwa. Nilidhani atakasirika, lakini alinishika goti akalibana kwa nguvu, na macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, kwa nini nifiche?

"Jamani," Mama Funguo akasema, "yako madirisha mengine, au mnakaa hapo kama maharusi?"

Buibui akainuka, akamwita mpaka rangi aje achukue ngazi yake. Akaokota mpini, akaurefusha, akasogea dirisha la pili. Nilibaki nimesimama nyuma yake, mikono inaning'inia, sijui niiweke wapi. Ndipo nikasikia mluzi, ule ule wa zamani, wa kuudhi, na dirisha moja la ghorofa ya pili likafungwa kwa nguvu.

"Mama!" akaita bila kugeuka. "Usisimame tu. Shika huo mpira wa maji, unajisokota."

Nikaushika.